UZI: Kasri la maaskofu wa Santiago de Compostela, na askofu aliyeponea chupuchupu mikononi mwa waumini wake

Mkongojo:

Wakuu, salaam.

Ukitaja Santiago de Compostela, picha inayowajia wengi ni ya mahujaji: fimbo mkononi, gamba la kombe linaning'inia kwenye begi, miguu imechubuka, wanaingia uwanja wa Obradoiro na kukaa chini kulitazama kanisa kuu. Kanisa hilo limeshaandikwa vya kutosha. Mimi leo naomba tuligeukie jengo lililoliegemea ubavuni, mkono wa kushoto ukiwa umesimama pale uwanjani. Kwa nje halina makuu, na wengi hulipita wakiwahi foleni ya kuingia kanisani. Hilo ndilo kasri la Gelmírez, Wagalisia, yaani watu wa Galicia, mkoa wa mji huu, wanaliita Pazo de Xelmírez, makao ya maaskofu wakuu wa Santiago tangu karne ya 12. Ni moja ya majumba machache ya zama zile nchini Hispania ambayo si kanisa wala ngome na bado kumbi zake zimesimama.

Ninachoamini nakisema mapema: jumba hili ni zao la ugomvi kati ya askofu na watu wa mji wake. Ukiuacha ugomvi huo pembeni, unabaki na mawe mazuri tu.

Tuanze na mwenye nyumba. Diego Gelmírez hakutoka ukoo wa kifalme. Baba yake alikuwa msimamizi wa ngome ya Torres de Oeste, pale Catoira, mlangoni mwa mto Ulla, ngome iliyowekwa kuwazuia Wanormani wasipande na mashua zao kuja kupora. Kijana akasomeshwa kanisani, akawa hodari wa kuandika hati, na hatimaye akawa karani wa Raymond wa Burgundy, mkwe wa mfalme Alfonso VI, aliyekuwa akitawala Galicia. Kiti cha askofu kilipokuwa wazi akapewa kusimamia mali za jimbo. Mwaka 1100 akachaguliwa kuwa askofu mwenyewe.

Sasa hapa tusimame kidogo, maana neno askofu kwa mji ule lilibeba mzigo mkubwa kuliko tunavyolifahamu leo. Huyu alikuwa bwana wa mji na wa ardhi inayouzunguka. Ushuru ulikuwa wake. Kesi zilisikilizwa kwa jina lake. Alikuwa na wapanda farasi wake wa vita, na Alfonso VI alimruhusu hata kufua sarafu. Kwa hiyo nyumba yake ilikuwa ikulu, mahakama, hazina na ghala kwa wakati mmoja. Mfanyabiashara aliyekuwa akiuza makombe kwa mahujaji mlangoni mwa kanisa alimlipa askofu, alishitakiwa kwa askofu, na Jumapili alihubiriwa na askofu huyo huyo.

Na Gelmírez alikuwa mtu wa kutaka makubwa. Mwaka 1102 alikwenda Braga, mji wa askofu mkuu aliyekuwa mpinzani wake, akapokewa kwa heshima zote, kisha akaondoka kimyakimya na mifupa ya watakatifu wa kule, akiwemo Fructuoso na Susana. Tunalijua tukio hili kwa sababu aliagiza historia ya utawala wake iandikwe, Historia Compostelana, na waandishi wake wanalisimulia kwa fahari wakiliita wizi wa kimungu. Mwaka 1104 akapata palio kutoka Roma, ule ukanda wa sufu wa mabegani ambao Papa huutoa kama alama ya heshima. Mwaka 1111 akamvika taji mtoto Alfonso, mwana wa malkia Urraca na Raymond, awe mfalme wa Galicia, ndani ya kanisa lake. Mwaka 1120 akapanda zaidi: Papa Calixtus II, ambaye ni ndugu wa damu wa yule Raymond, aliichukua hadhi ya uaskofu mkuu wa Mérida, mji uliokuwa bado chini ya Waislamu, akaihamishia Santiago. Karani akawa askofu mkuu.

Lakini kati ya 1111 na 1120 kuna jambo lilitokea, na ndilo lililozaa jumba tunaloliona. Nalishusha kwenye posti inayofuata.

Binti Mafinga:

Nimeweka kambi mkuu, shusha nondo. Swali dogo tu la kuanzia: huyu mtume Yakobo si aliuawa Yerusalemu na Herode? Kaburi lake lilifikaje Hispania?

Mkongojo:

Dada, upo sahihi kabisa, Matendo ya Mitume sura ya 12. Mapokeo ya Galicia yanasema wanafunzi wake waliuchukua mwili kwa mashua hadi Iria Flavia, karibu na Padrón ya leo. Kaburi likasahaulika hadi karne ya 9, mtawa aitwaye Pelayo alipoona mianga msituni, na askofu Teodomiro wa Iria akatangaza kuwa kaburi ni la mtume. Mfalme Alfonso II wa Asturias akajenga kanisa dogo juu yake. Imani hiyo ndiyo iliyouzaa mji mzima. Kabla ya kaburi hapakuwa na mji wa maana pale, na hata kiti cha askofu kilihama rasmi kutoka Iria kuja Compostela mwaka 1095, miaka mitano tu kabla ya Gelmírez.

Mkongojo:

Twende kwenye mwaka wenyewe, 1117.

Santiago ilikuwa imetajirika. Kanisa kuu jipya lilianza kujengwa mwaka 1075, mahujaji wanamiminika kutoka Ufaransa, wenye nyumba za kulala wageni, wabadilisha fedha, mafundi viatu na wauza makombe wana pesa mkononi. Watu wenye pesa hawakawii kuuliza nani anapanga ushuru. Wakaunda umoja wao wa kiapo, na baadhi ya makasisi wa kanisa kuu wakaingia humo. Kwa muda waliuendesha mji wao wenyewe, askofu amebaki na jina. Haikuwa Santiago peke yake; Sahagún, mji mwingine kwenye njia hiyo hiyo ya hija, watu walikuwa wamemwasi abati wao, mkuu wa watawa, miaka hiyo hiyo.

Malkia Urraca aliingia mjini kupatana na askofu, maana naye alikuwa na vita vyake na mume wake wa pili, mfalme wa Aragón, na alimhitaji Gelmírez. Watu wakaona wameuzwa. Kengele zikalia. Umati ukavamia kanisa na nyumba ya askofu, ambayo wakati huo ilikuwa upande wa kusini wa kanisa. Malkia na askofu wakakimbilia mnara wa kengele. Umati ukawasha moto chini ya mnara.

Fikirieni moshi unapanda kwenye ngazi za mnara, na juu kuna malkia wa León na Castilla, askofu wa Santiago na watu wao wachache. Chini wanapiga kelele malkia atoke, kwamba yeye watamwacha salama. Urraca akatoka. Wakamkamata, wakamchania nguo, wakamwangusha kwenye tope akiwa uchi mbele ya watu wote, wakamrushia mawe, na mwanamke mmoja mzee akampiga jiwe la shavu. Hayo yameandikwa na waandishi wa askofu wenyewe, watu waliokuwa karibu na tukio.

Gelmírez naye alishuka akiwa amejitanda nguo chakavu, ameshika msalaba usoni, akapenya katikati ya watu waliokuwa wakimtafuta wamuue. Akapita karibu na malkia aliyelala topeni. Hakusimama. Akajificha kanisa la jirani, kisha akatoroshwa nyumba hadi nyumba hadi akatoka mjini. Ndugu yake alikuwa miongoni mwa waliouawa siku ile. Nyumba yake ikaporwa na kuharibiwa.

Urraca alipopata nafasi ya kutoka alirudi na jeshi, mji ukasalimu amri, silaha zikakabidhiwa, vinara wakafukuzwa na mali zao zikataifishwa, faini ya fedha ikalipwa. Gelmírez akarudi kitini. Na kuanzia mwaka 1120 hivi, akiwa sasa na heshima ya askofu mkuu, akaanza kujenga kasri jipya. Safari hii hakurudi kusini. Alilijenga kaskazini, limebanana na kanisa, na hapo ndipo lilipo hadi leo.

Fundi Mawe:

Mkuu, hii ya mnara imenishika. Swali langu ni la kifundi. Hizo kumbi zilizosimama hadi leo ni za Gelmírez mwenyewe au zilijengwa baadaye? Maana nimeona picha ya ukumbi wa juu, dari lote ni mawe na katikati hakuna nguzo hata moja. Hiyo si kazi ya mwaka 1120.

Mkongojo:

Jicho la fundi halidanganyi. Kasri ni la Gelmírez kwa kuanzishwa na kwa jina, lakini sehemu kubwa ya tunachokiona ni kazi ya mwishoni mwa karne ya 12 na ya karne ya 13. Ukumbi huo wa juu unahusishwa na askofu mkuu Juan Arias, aliyeongoza kati ya 1238 na 1266. Una urefu wa mita 30 hivi na upana unaozidi kidogo mita 8.

Ghorofa ya chini kuna ukumbi wa zamani zaidi wenye safu ya nguzo katikati, na nguzo hizo ndizo zinazosaidia kubeba sakafu ya juu. Ukipanda juu, nguzo zinatoweka. Dari limegawanywa vyumba vyumba, na kila kimoja kimefungwa kwa mbavu za mawe zinazokatizana kama mbavu za mwavuli. Uzito wa dari unafuata mbavu, unashuka hadi ukutani, na ukuta ni mnene wa graniti. Mbavu zenyewe hazifiki sakafuni. Zinakomea juu, kwenye mawe yaliyochomoza ukutani kama viganja. Kwa hiyo sakafu yote inabaki wazi kwa meza.

Na hayo mawe yaliyochomoza ndiyo hazina ya jumba hili. Kila moja limechongwa watu, na ukiyafuata moja baada ya jingine ni karamu nzima. Kuna walioketi mezani na vyombo mbele yao, kuna watumishi wanaoleta sahani, kuna mapadre, kuna mfalme na malkia, na kuna wapiga muziki, wengine wakiwa bado wanakaza nyuzi za zeze kabla ya kuanza. Wagalisia wanapenda kumwonyesha mgeni jiwe lenye empanada, ule mkate wao uliojazwa nyama au samaki, wanaoula hadi leo. Kuna wanaosema ni arusi ya mfalme fulani, hasa Alfonso IX. Mimi naona inatosha kusema ni karamu ya kikubwa, imechongwa katika ukumbi uliokuwa ukitumika kwa karamu za kikubwa. Mgeni aliyeketi pale chini alikuwa akila huku juu ya kichwa chake watu wa mawe nao wanakula.

Angalia mikono ya wale watumishi. Mchongaji aliijua kazi ya kubeba sahani. Katika enzi ambayo mawe mengi yalichongewa mitume na manabii, fundi huyu alipewa ukuta wa kuchora chakula, na hakufanya haraka.

Fundi Mawe:

Asante mkuu. Na hao mafundi ni wale wale wa kanisani?

Mkongojo:

Mkono wa shule ya Mateo unaonekana, ndiyo. Mwalimu Mateo ndiye aliyepewa malipo ya maisha na mfalme Fernando II mwaka 1168 ili amalizie kanisa, na jina lake limechongwa pale kwenye Pórtico de la Gloria, lango la magharibi la kanisa lenye michongo, na tarehe ya 1188. Kanisa likawekwa wakfu mwaka 1211 mbele ya Alfonso IX. Kumbi za juu za kasri ni za kizazi kilichofuata, mafundi waliojifunza kwa macho chini ya ile Pórtico. Wazee 24 wa Ufunuo wenye vyombo vya muziki kanisani, na wapiga zeze wa kasrini, ni ndugu wa tumbo moja.

Mzee wa Pangani:

Nimesoma kwa utulivu, Mwenyezi Mungu akuzidishie. Naomba niongeze kipande ambacho kinaunganika na mji huo. Mwaka 997 al-Mansur, waziri mkuu wa Córdoba, alifika na jeshi hadi Santiago. Mji ulikuwa umehamwa. Wanahistoria wa Kiislamu wanasimulia kuwa hakumkuta mtu isipokuwa mtawa mmoja mzee ameketi kaburini. Akamuuliza anafanya nini pale. Akajibu kuwa anamliwaza Yakobo. Al-Mansur akaamuru asiguswe, na kaburi lisiguswe. Kanisa lilivunjwa, kengele na milango vikapelekwa Córdoba, kengele zikatumika kama taa msikitini. Fernando III alipoitwaa Córdoba mwaka 1236, kengele zikarudishwa Santiago, na mapokeo yanasema zamu hii waliozibeba mabegani walikuwa mateka Waislamu.

Mkongojo:

Mzee wangu, shikamoo. Hapo umeweka jambo ambalo Gelmírez alikuwa akilisikia utotoni, maana haikuwa imepita hata miaka 100. Hofu ya wavamizi kutoka baharini na kutoka kusini ilikuwa hai kabisa. Mashua za Waislamu zilikuwa zikipiga fukwe za Galicia, zinachukua watu na mifugo, na Wagalisia hawakuwa na merikebu za vita za kuwafuata. Gelmírez akamwita fundi kutoka Genoa, Ogerio, akaunda merikebu za makasia pale Iria. Zikatoka, zikalipiza. Wahispania wengi wanamhesabu kuwa mwanzilishi wa jeshi la majini la upande ule.

Lakini tuone tofauti. Wavamizi wa baharini aliwajibu kwa merikebu na ngome za pwani, mbali na mji. Kasri lipo katikati ya mji, na walioingia nyumbani kwake na kuua ndugu yake walikuwa watu aliowabatiza.

Binti Mafinga:

Mimi huyu Gelmírez simpendi hata kidogo mkuu. Kaiba mifupa ya watu Braga. Kamwacha malkia topeni akapita. Kila kitu ni cheo. Halafu waandishi wake mwenyewe ndio wanaotusimulia, kwa hiyo hata huo ubaya tunaousoma ni ule aliokubali uandikwe! Upande wa wananchi nani ameuandika? Hakuna. Tunawaita waasi kwa sababu kitabu cha askofu kinawaita waasi.

Mkongojo:

Dada, hoja yako nzito na naikubali sehemu kubwa. Umoja wa wananchi haukutuachia kitabu. Tunachojua kuhusu madai yao kinapita kwenye kalamu ya mahasimu wao, na bado hata hapo tunaona kuwa hawakuwa wahuni: walikuwa na viongozi, na kwa karibu mwaka mzima waliendesha mji.

Ila nisimwonee naye. Kuna jambo moja alilofanya ambalo lilimfikia maskini wa mwisho. Mahujaji waliokuwa wakifika Santiago walikuwa wakinunua maji, na wenye nyumba waliwauzia kwa bei ya kuwakamua. Mwaka 1122 mtunza hazina wake, Bernardo, akakamilisha mfereji wa kuleta maji kutoka nje ya mji hadi mbele ya mlango wa kaskazini wa kanisa, jirani kabisa na kasri. Codex Calixtinus, kile kitabu cha mahujaji cha karne ya 12, kinaieleza chemchemi hiyo kwa furaha: sinia la jiwe kubwa kiasi kwamba watu 15 wangeweza kuogea ndani bila kubanana, nguzo ya shaba katikati, simba wanne wanatema maji vinywani, mahujaji na wenyeji wanakinga bure. Uwanja ule ndio ulikuwa soko la viatu, mifuko ya ngozi, dawa na makombe. Askofu akichungulia kutoka nyumbani kwake alikuwa anaona maji yake na ushuru wake mahali pamoja.

Na hayakumwokoa. Mwaka 1136, akiwa mzee, walimvamia tena. Safari hii walimfuata ndani ya kanisa, akakimbilia altare, na mawe yakavurumishwa juu ya altare yenyewe, kwenye kaburi la mtume wanayemheshimu. Akapona tena. Alifariki mwaka 1140, miaka 40 tangu achaguliwe.

Kijana wa Mwananyamala:

Uzi mtamu sana huu. Pesa za kujenga yote haya zilitoka wapi? Sadaka za mahujaji peke yake?

Mkongojo:

Sadaka zilikuwa nyingi, na ardhi ya jimbo ilikuwa kubwa, na kuna ile haki ya sarafu. Lakini kuna chanzo kimoja nataka ukijue. Kanisa la Santiago lilidai kodi ya nafaka kutoka kwa wakulima wa eneo kubwa la Hispania, kodi iliyoitwa Voto ya Santiago. Msingi wake ulikuwa hati inayosema mfalme Ramiro I alimwahidi mtume kodi hiyo baada ya kumtokea vitani Clavijo akiwa juu ya farasi mweupe. Hati hiyo ni ya kughushi, iliandikwa karne ya 12 kanisani humo humo, miaka 300 baada ya mfalme anayetajwa. Bunge la Cádiz liliifuta kodi hiyo mwaka 1812, ikarudishwa, ikafa kabisa miaka ya 1830. Kwa hiyo mkulima wa Castilla ambaye hakuwahi kuliona kasri hili alikuwa analilipia kwa magunia yake, na wajukuu wa wajukuu zake pia.

Nyota ya Kilwa:

Mkuu, kuna uzi mwembamba unaotufikia huku kwetu. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliivamia Kilwa Kisiwani tarehe 24 Julai, mkesha wa sikukuu ya Mtakatifu Yakobo, na ngome waliyoijenga wakaipa jina la Santiago. Gereza tunaloliona sasa kisiwani ni la baadaye, la Waomani, ila mabaki ya ile ya Wareno yamo humo humo kwenye kuta. Kwa hiyo jina la mtume huyo wa Galicia lilifika pwani yetu na mizinga. Vipi, baada ya Gelmírez, hao maaskofu wa kasri walitulia?

Mkongojo:

Shukrani sana kwa hilo la Kilwa, limeutajirisha uzi.

Kutulia? Hapana. Karne ya 14 ni mbaya zaidi. Papa alipomteua Mdominiko wa Kifaransa, Berenguel de Landoira, kuwa askofu mkuu, wakuu wa mji walimfungia malango. Askofu mkuu mzima, kasri lake liko ndani, yeye yupo nje akipigania kuingia. Alitegemea ngome ya Rocha Forte, kusini kidogo ya mji. Septemba 1320 viongozi wa upinzani, akiwemo Alonso Suárez de Deza, walikwenda Rocha Forte wakitegemea mazungumzo. Wakauawa humo ndani. Ndivyo askofu mkuu alivyoingia nyumbani kwake.

Mwaka 1366 ikawa zamu ya upande wa pili. Askofu mkuu Suero Gómez de Toledo aliuawa Juni 29, sikukuu ya Petro na Paulo, pamoja na dekano wa kanisa kuu, mlangoni pa kanisa lake, na wapanda farasi waliofanya hivyo walikuwa wametumwa na mfalme Pedro I aliyekuwa mjini wakati huo huo. Kutoka kasrini hadi aliposhambuliwa ni hatua chache tu.

Kisha 1467. Wakulima, mafundi, watu wa mijini na hata watawala wadogo wa Galicia waliungana kwenye kile kinachoitwa uasi wa Irmandiño, wakabomoa ngome za mabwana Galicia nzima. Rocha Forte ilianguka nayo, na haikujengwa tena. Misingi yake ndiyo wachimbuaji wa mambo ya kale wamekuwa wakiifukua. Miaka 60 baadaye maaskofu wakuu wawili wakashitakiana. Tabera, aliyekuwa ameshika kiti, alimdai Fonseca aliyemtangulia gharama za ngome ambazo hazikukarabatiwa. Kesi ikasikilizwa 1526 na 1527, mashahidi zaidi ya 200, wengi wao wazee wa vijijini, wavuvi, mafundi. Wakaulizwa nani alibomoa na kwa nini. Wakajibu.

Binti Mafinga, hapa ndipo nilitaka kukurudisha. Ulisema upande wa wananchi haukuandikwa. Kwa mwaka 1117 ni kweli. Kwa mwaka 1467, maaskofu walipogombania pesa ndipo mwananchi wa kawaida alipopewa nafasi ya kusema, na karani akaandika: kwamba humo ngomeni walikuwa wanatoka watu wa kuwapora, kwamba ndiyo maana waliziangusha.

Binti Mafinga:

Hapo sasa umenijibu kaka. Hizo kumbukumbu za kesi zingetafsiriwa Kiswahili ningezisoma usiku kucha.

Fundi Mawe:

Na kasri lenyewe la mjini lilinusurikaje hadi leo?

Mkongojo:

Lilizidi kutumika, fundi. Jengo linalokaliwa linatengenezwa. Maaskofu wa baadaye waliongeza ghorofa na vyumba juu na nyuma, na jimbo kuu bado liko pale pale. Kumbi za zamani zikawa zimefunikwa na nyongeza hizo. Mbele ya kanisa pia palibadilika: ule uso wa kanisa wenye minara miwili mirefu inayoonekana kwenye kila picha ni kazi ya Fernando de Casas Novoa, 1738 hadi 1750, na ndio unaolifanya kasri lionekane duni pembeni yake. Siku za Gelmírez uwiano haukuwa hivyo.

Ukifika, usiishie uwanjani. Pita chini ya tao la kasri, Arco del Palacio, ile njia yenye ngazi inayotoka uwanja wa kaskazini kushuka Obradoiro. Wapiga zumari za Kigalisia hukaa humo kwa sababu mawe yanarudisha sauti vizuri. Hapo upo chini ya kasri lenyewe. Kisha kata tiketi kwenye makumbusho ya kanisa kuu na uulize kama kumbi za kasri ziko wazi siku hiyo, maana mara nyingine hufungwa kwa matengenezo au maonyesho. Ghorofa ya juu, tembea taratibu ukifuata kuta, wala usikae katikati, kwa sababu michongo yote iko pembeni juu ya kichwa chako. Mwanga wa mchana unasaidia kuliko taa zao.

Kijana wa Mwananyamala:

Mkuu, na huyu malkia Urraca? Alipigwa mawe, akarudi na jeshi, halafu?

Mkongojo:

Mwaka 1121 alimkamata Gelmírez na kumweka ndani, na watu wa Santiago, wale wale wa 1117, ndio waliopiga kelele hadi akaachiwa. Alitawala kwa miaka 17 akipambana na mume, dada, mtoto na askofu, na alikufa mwaka 1126 akiwa bado malkia. Anastahili uzi wake. Nipeni muda niuandae vizuri, nitauweka kiungo hapa hapa chini.